Mtoto aliyeitwa Lami, na kitabu kutoka Mississippi

Mwaka jana, siku chache baada ya Idd-el-Hajj, nilikuwa nimekaa katika ofisi ya msikiti baada ya swala ya Alasiri nikipanga risiti za michango. Uani watoto wa madrasa walikuwa wakicheza mpira huku wakimsubiri ustadhi wao. Jina lililosikika mara nyingi zaidi lilikuwa Lami. Lami, lete mpira. Lami, zamu yako. Nikachungulia dirishani. Aliyeitwa hivyo ni mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, mweusi sana, mtulivu, na katika rika lake hakuna anayemshinda kwa kuhifadhi. Alikuwa akicheka. Na aliyekuwa akimwita kwa sauti kubwa kupita wenzake wote alikuwa binti yangu.

Usiku nilimwuliza. Akanijibu bila wasiwasi: "Baba, ni utani tu. Mwenyewe anacheka." Nikamkumbusha kisa cha Abu Dharri (R.A.), namna alivyomtukana mtu kwa kumtajia mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamkemea kwamba bado ana masalia ya ujahilia ndani yake. Binti yangu alikijua kisa chote, na hata akanisahihisha mahali nilipotanguliza jambo la mwisho. Anakijua pia kisa cha Sayyidna Bilal, na anaweza kukusimulia yaliyosemwa katika Hijja ya Kuaga kuhusu Mwarabu na asiye Mwarabu, mweupe na mweusi. Kesho yake jioni nilimsikia tena uani: Lami!

Nakiri kwamba jambo hili lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mhitimu wa chuo cha Kiislamu, ni katibu wa kamati ya msikiti, na darasa la ndugu na usawa nimelitoa mara nyingi kwa watu wazima. Nyumbani kwangu mtoto amelihifadhi kama anavyohifadhi jedwali la kuzidisha, kwa usahihi, na bila kudhani kwamba linamhusu yeye na mwenzake wa uani.

Katika siku hizo hizo shule za Marekani zilifunga, na dada yangu anayeishi Ohio akaja likizo pamoja na watoto wake. Alipoondoka aliacha vitabu viwili ambavyo mwanawe wa kwanza amevisoma shuleni huko. Cha kwanza kinaitwa Roll of Thunder, Hear My Cry, riwaya ya Mildred D. Taylor iliyotolewa mwaka 1976 na kupata mwaka uliofuata nishani ya Newbery, ambayo wakutubi wa Marekani humpa mwandishi wa kitabu bora cha watoto. "Msomee binti yako," dada aliniambia, "anayesimulia ana miaka tisa kama yeye." Kiingereza changu si cha kutamba nacho. Nikawa nasoma sura moja usiku, kamusi ikiwa pembeni, na jioni inayofuata namsimulia kwa Kiswahili.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa Jackson, Mississippi, mwaka 1943, na angali mchanga wazazi wake wakahamia Toledo, jimbo hilo hilo la Ohio, kukimbia maisha ya kusini. Alipokuwa msichana alifundisha Ethiopia kwa muda kama mfanyakazi wa kujitolea. Hadithi zake alizitoa kwa baba yake, ambaye alikuwa msimulizi hodari wa habari za ukoo wao. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza ladha ya kitabu. Kinasikika kama mtu mzima anayesimulia barazani, na ndiyo maana kinakubali kusimuliwa kwa lugha nyingine bila kupoteza sana.

Kisa kinaanza mwaka 1933, Mississippi, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya pamba ikiwa chini. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani tangu mwaka 1865, lakini majimbo ya kusini yalikuwa yameweka sheria za kutenga weusi na weupe, na Mahakama Kuu ya nchi ilizibariki mwaka 1896 kwa hoja kwamba kutengwa si dhuluma maadamu huduma ni sawa. Watoto wa familia ya Logan wanakwenda shule siku ya kwanza ya muhula. Ni mwezi wa Oktoba, kwa sababu watoto weusi walihitajika kwanza shambani. Wenzao weupe wameshaanza zamani. Basi la shule ya weupe linawapita na kuwafunika vumbi. Shule ya weusi haina basi. Mdogo wao wa miaka sita, anayeitwa Little Man, ni mtoto anayependa usafi kiasi cha kukera, na vumbi lile limemharibia nguo zake za siku ya kwanza.

Darasani mwalimu anatangaza habari njema: mwaka huu kila mtoto atapata kitabu. Little Man anakabidhiwa cha kwake. Kimechafuka, kurasa zimeraruka. Anaomba kingine, ananyimwa. Anakifungua, na ndani ya jalada anakuta jedwali lililobandikwa na wakuu wa elimu, lenye tarehe ya kila mara kitabu kilipotolewa, hali yake siku hiyo, na rangi ya mwanafunzi aliyekipokea. Mwaka 1922 kilikuwa kipya, kikapewa mtoto mweupe. Mwaka uliofuata mweupe tena, na kitabu kilikuwa bado kizuri sana. Kinashuka hivyo mwaka hadi mwaka, kutoka kizuri hadi cha wastani hadi kibaya, mara kumi na moja, wote weupe. Mstari wa kumi na mbili ni wa mwaka 1933: hali mbaya kabisa. Na mahali pa rangi pameandikwa neno la dharau ambalo watu weusi waliitwa.

Mtoto anakitupa kitabu chini na kukikanyaga.

Nilipofika hapo binti yangu alinishika mkono. "Baba, yeye anajua kusoma?" Ndiyo, anajua, mama yao ni mwalimu na amemfundisha nyumbani. "Basi wenzake hawakuona?" Wengi hawakuona, au waliona wakanyamaza. Kisha nikamsomea kinachofuata, na hiki ndicho kilichomshangaza kuliko yote. Dada yake, Cassie, anakwenda kumwonesha mwalimu ile karatasi akidhani hakuiona. Mwalimu anaitazama na kumwambia kwamba ndivyo walivyo. Watoto wote wawili wanachapwa. Na mwalimu huyo, msomaji, ni mweusi kama wao.

Binti yangu alikaa kimya muda mrefu. Nilitamani sana kusema neno. Maneno ya katibu yalikuwa yameshafika ulimini: unaona sasa, na wewe uani unafanya nini? Nashukuru sikuyasema. Ningekigeuza kitabu kuwa fimbo, naye angekikimbia kama anavyozikimbia hotuba zangu nyingine. Nilimwambia tu kwamba kesho nitamweleza alichofanya mama yao. Kesho yake nikamsimulia: mama anakata karatasi na kuibandika kwa gundi juu ya lile jedwali katika vitabu vya wanawe, kisha katika vitabu vya darasa lake lote. Mwalimu mwenzake anaona ni balaa. Baadaye mama huyo anafukuzwa kazi, kwa sababu bodi ya shule ilimkuta akifundisha habari za utumwa ambazo hazimo katika kitabu rasmi.

Wiki tatu baada ya hapo niliomba ruhusa ya imamu kuwasomea watoto wa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, katika chumba cha vitabu kilicho nyuma ya msikiti. Siku ya kwanza walikuja tisa, siku ya nne walikuwa kumi na saba. Mtoto waliyemwita Lami alikuja tangu siku ya kwanza na kukaa karibu na mlango.

Hapa niseme kidogo juu ya vitabu vyenyewe, maana wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini niende mbali hivyo. Wamarekani weusi walihangaikia jambo hili kwa muda mrefu: kwamba mtoto wao afungue kitabu akutane na mtu anayefanana naye, bila kukejeliwa. Mwanazuoni wao W.E.B. Du Bois alianzisha mwaka 1920 jarida la watoto liitwalo The Brownies' Book, akishirikiana na Jessie Fauset. Lilidumu miaka miwili tu, lakini ndani yake mlichapishwa maandishi ya mwanzo ya kijana aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, Langston Hughes. Miaka arobaini na zaidi ikapita. Mwaka 1965 mwanamke mweupe aliyekuwa mtaalamu wa usomaji, Nancy Larrick, alichapisha makala iliyoanza na swali la mtoto mweusi wa miaka mitano huko New York, aliyetaka kujua kwa nini watu wa vitabuni ni weupe daima. Larrick alikuwa amevichunguza vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vya miaka ya 1962 hadi 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwa maneno au kwa picha, havikufika 7 katika kila 100. Na huu ndio wakati ule ule ambao weusi walikuwa mitaani wakidai haki zao za kiraia.

Kwa hiyo vitabu hivi havikushuka kutoka mawinguni. Waliviandika watu waliokuwa watoto katika mambo hayo, au waliolelewa na walioyaona. Ndiyo maana vina faida kwa mtoto yeyote: dhuluma imo humo kwa kipimo cha mtoto. Mtoto wa miaka saba hawezi kuelewa maana ya katiba wala hukumu ya Mahakama Kuu. Anaelewa kabisa maana ya kupewa kitabu kichafu wakati mwenzake amepewa kipya.

Kwa wadogo wetu wa miaka sita na saba nilitumia kisa cha Ruby Bridges, ambacho kimeandikwa katika vitabu vya picha kadhaa, na mwenyewe pia amekiandika. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka sita ikapita, na mji wa New Orleans ulikuwa bado haujatii. Tarehe 14 Novemba 1960, Ruby, mwenye miaka sita, alipelekwa shule ya William Frantz akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu, kwa sababu nje palijaa watu wazima wanaomzomea. Wazazi weupe waliwaondoa watoto wao. Walimu hawakutaka kumfundisha, isipokuwa mmoja aliyetoka Boston, Bi Barbara Henry. Mwaka mzima walikaa wawili darasani, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Watoto wetu hawakuuliza lolote juu ya sheria. Waliuliza: alicheza na nani?

Ni swali kubwa hilo. Sikulijibu kwa haraka.

Kuna namna ya kusimulia habari hizi ambayo mimi naiona ina kasoro, na nimeikuta hata katika vitabu vizuri. Ni ile ya kukimbilia mwisho mwema. Ruby akaingia shule, watu wakaona haya, rangi zikapatana. Mtoto anafunga kitabu akiamini kwamba ubaguzi ni ugonjwa uliokuwapo zamani mahali fulani na umepona. Hata huko Marekani wapo wanaotaka usimuliwe hivyo tu. Mwaka 2021 kikundi cha wazazi katika jimbo la Tennessee kililalamika juu ya kitabu cha Ruby mwenyewe, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba kilitaja kundi la watu weupe wenye hasira. Sasa, kama wale wenye hasira hawakuwapo, maofisa wale walikuwa wakimlinda mtoto na nini?

Kasoro ya pili ni kumfanya shujaa kuwa mtu asiye wa kawaida, au kinyume chake, mtu aliyefanya jambo kwa bahati. Watoto wengi duniani wamefundishwa kwamba Bi Rosa Parks wa Montgomery, Alabama, alikuwa bibi kizee aliyechoka miguu, na kwa uchovu akakataa kumpisha mzungu kiti cha basi tarehe 1 Desemba 1955. Alikuwa na miaka 42. Na alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi mjini hapo, mtu wa daftari na mihutasari kwa miaka mingi. Mniwie radhi nikisema kwamba habari hiyo ya ukatibu ilinifurahisha mimi binafsi. Tena miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekataa kiti chake vilevile, akakamatwa, na jina lake likasahauliwa kwa muda mrefu. Mgomo wa mabasi uliofuata ulidumu siku 381. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini zaidi ya mwaka mmoja. Ukimsimulia mtoto kile kiti tu, umemnyima zile siku 381, na ndizo zenye darasa la namna watu wa kawaida wanavyoshikamana.

Uzuri wa kitabu cha Bi Taylor ni kwamba hakimbembelezi mtoto. Watoto wa Logan, walipochoka kutupwa matopeni na lile basi, wanatumia mapumziko ya mchana kuchimba njia, maji ya mvua yanajaa, na jioni basi linatumbukia na kuvunjika. Chumba chetu kizima kilishangilia. Usiku unapofika, wanapata habari kwamba wazungu wenye silaha wako barabarani, nao wanatetemeka wakidhani wanatafutwa wao. Shangwe ile ikawaishia midomoni. Hawakulizwa, hawakuhubiriwa, ila waliona kwamba mdhulumiwa hata kisasi chake kidogo hakilali nacho salama.

Kisha tukafika mjini Strawberry. Cassie amekwenda sokoni na bibi yake kwa mara ya kwanza. Njiani anamgonga msichana mweupe kwa bahati mbaya, anaomba radhi, lakini haitoshi. Msichana anataka ashuke barabarani. Baba wa msichana anakuja, anamsukuma Cassie hadi chini, na kumlazimisha aombe radhi upya kwa kumwita yule msichana kwa jina la heshima. Cassie anamkimbilia bibi yake. Bibi, anayempenda kuliko roho yake, anamwambia aombe radhi.

Hapo nilisita na kuwauliza: bibi amefanya sawa? Chumba kilipasuka kwa mabishano. Wengi, binti yangu akiwa kinara wao, walisema bibi amekosea, ni mwoga, yeye binti yangu asingeomba radhi asilani. Yule mtoto wa karibu na mlango alinyoosha mkono. Alisema bibi hakuwa mwoga. "Asingesema vile wangempiga zaidi. Mimi pia nacheka ili waache."

Hakuna aliyemwuliza anachekea nini. Wote walijua. Nami nilifunga kitabu mapema siku hiyo, nikawaambia waende kutawadha, kwa kuwa Magharibi ilikuwa inakaribia na kwa kuwa sauti yangu haikuwa nzuri.

Binti yangu hakuniambia lolote njiani. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba anaumwa tumbo na akalala bila kula. Sijui yeye na yule mtoto walizungumza nini siku zilizofuata, wala sikuuliza. Najua tu kwamba jina lile sikulisikia tena uani kwa wiki kadhaa. Lilirudi mara moja, kwa mdomo wa mtoto mgeni aliyehamia kutoka mtaa mwingine, na nilimsikia binti yangu akimwambia kwa ukali: "Ana jina lake."

Si wote waliopendezwa. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu kama baba, aliniita baada ya Isha. "Katibu, mwanangu," alisema, "tuna sira ya Mtume, tuna maswahaba. Wamarekani watatufundisha nini sisi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, sira wanaijua. Wanijua mimi pia na hotuba zangu. Wasichokijua ni kwamba mwenzao anaumia." Akanyamaza, kisha akauliza kama katika vitabu hivyo yumo Malcolm X. Nikamwambia yumo, ila kitabu chake ni cha vijana wakubwa. Tawasifu yake, aliyoisimulia kwa Alex Haley na ikatoka mwaka 1965 yeye akiwa ameshauawa, ina maisha ya wizi na ulevi kabla ya kuwa na nuru, na mzazi aisome kwanza mwenyewe. Lakini kijana wa miaka 15 atakuta humo mwanafunzi bora wa darasa ambaye mwalimu wake alimwambia uanasheria si wa watu weusi, afadhali awe seremala. Atamkuta tena gerezani akinakili kamusi neno kwa neno, na Makka mwaka 1964 akishangaa kula sahani moja na Waislamu weupe. Mzee aliongeza mwenyewe kwamba Oktoba mwaka huo huo Malcolm alifika Dar es Salaam na kuonana na Mwalimu Nyerere. Alipolisema hilo uso ulimkunjuka, nikajua nimepata kura yake.

Lililokuwa gumu kwangu lilikuja baadaye, na halikutoka kwa wazee. Binti yangu aliniuliza mezani: "Na huku kwetu yalikuwapo hayo?"

Sikuwa nimejiandaa. Ni rahisi kukemea dhuluma ya Mississippi. Nilimwita baba yangu, ambaye aliishi utoto wake chini ya Waingereza, naye akamweleza mjukuu wake kwamba shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali Tanganyika, na kwamba hazikuunganishwa ila tulipopata Uhuru. Alieleza kwa utulivu, hata kwa kiburi kidogo, kama mtu aliyeshinda mchezo. Lakini binti yangu hakuishia hapo. Aliuliza kuhusu watumwa. Baba yangu akanitazama.

Nikamweleza. Kwamba pwani yetu hii ilinunua na kuuza watu, na kwamba waliofanya hivyo wengine walikuwa wakiswali. Kwamba biashara hiyo ilipigwa marufuku katika mamlaka ya Zanzibar kwa mkataba wa mwaka 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika si hadi mwaka 1922. Mwaka 1922, akakumbuka mara moja, ndio mwaka kitabu cha Little Man kilipokuwa kipya. Kwamba maneno kama mtwana, mjakazi na mshenzi, ambayo watu wazima hutupiana hadi leo wakigombana, yana baba na mama, na babu zetu waliyajua. Nilimwambia pia kwamba wapo wazee katika mtaa wetu ambao hawapendi kuulizwa ukoo wao kwa sababu hiyo, na kwamba adabu ni kutowauliza.

Sidhani kama nilieleza vizuri. Nilirukaruka, na mara mbili mke wangu alinirekebisha. Lakini naona ni bora mtoto asikie habari hizo kwa baba anayebabaika kuliko kuziokota mitaani zikiwa matusi. Kitabu cha mbali kilitufungulia mlango. Kama ningeanza na pwani, nadhani mimi mwenyewe ningeufunga.

Kwa mzazi atakayejaribu, la kwanza ni kukisoma kitabu peke yake kabla ya kumsomea mtoto, maana kuna maneno ya matusi na kuna vifo, na ni yeye anayemjua mwanawe. Vitabu hivi havijatafsiriwa kwa Kiswahili kwa kadiri ninavyoviona madukani kwetu, kwa hiyo kazi ya kusimulia ni yetu. Nami sasa siioni kuwa hasara. Mtoto anayesimuliwa hukukatiza, na faida kubwa iko katika kukatizwa.

Roll of Thunder tulikimaliza kabla ya Ramadhani. Sasa tunasoma kile kitabu cha pili alichoacha dada yangu, The Watsons Go to Birmingham, cha Christopher Paul Curtis, kilichotoka mwaka 1995. Sehemu kubwa yake ni ya kuchekesha: familia ya Flint, Michigan, kaka mkorofi ambaye midomo yake inagandana na kioo cha gari wakati wa baridi, safari ndefu ya gari kwenda kumwona bibi huko Alabama. Watoto wamecheka kiasi kwamba imamu alikuja kutazama kuna nini. Lakini mwaka wa hadithi hiyo ni 1963, na tarehe 15 Septemba mwaka huo, siku ya Jumapili, wabaguzi walilipua bomu katika kanisa la Mtaa wa 16 mjini Birmingham. Walikufa wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11. Msimulizi, mtoto wa miaka kumi, anafika pale akimtafuta dada yake mdogo.

Nimekwishaulizwa kama inafaa kuwasomea watoto wa msikitini habari za kanisa lililolipuliwa. Nimejibu kwamba inafaa. Ninalolifikiria bado ni jinsi ya kulisoma, na kama wale wa miaka minane wakae chumbani au waende na ustadhi siku hiyo. Binti yangu ameomba asome yeye ukurasa huo kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha shule, kisha yule mwenzake wa karibu na mlango awasimulie wengine kwa Kiswahili. Wamekuwa wakijizoeza barazani kwetu tangu Jumatatu. Jumamosi hii tunafika Birmingham.